Corolla 100 inazimika ikipata moto: ni koili au kompyuta ya injini?

Mkazi wa Kimara

Wakuu, salaam. Naomba msaada kuhusu gari langu, Corolla 100 ya mwaka 1994 yenye injini ya 5A-FE. Asubuhi linawaka mara moja na kutembea vizuri, lakini likikaa kwenye foleni ya Ubungo kwa takriban nusu saa huzimika ghafla, bila kutetemeka wala kukohoa. Starta huzungusha injini kama kawaida, ila haliwaki. Nikifungua boneti na kusubiri dakika 20, huwaka tena kana kwamba halikuwa na tatizo lolote. Fundi mmoja alilikuta limezimika, akaona hakuna cheche kwenye plagi na nozeli hazimwagi petroli, akahitimisha kwamba kontroli boksi (kompyuta ya injini) imekufa, kwa maelezo kwamba hicho ndicho kitu kimoja kinachotawala vyote viwili. Anataka shilingi 350,000 za kontroli boksi ya mtumba. Kabla sijatoa fedha hizo, ningependa kujua kama hoja yake inasimama.

Fundi Umeme, Ilala

Ndugu, hoja hiyo imeruka hatua moja, na inaniuma kuona watu wakinunua kompyuta wasizozihitaji kwa sababu ya hatua hiyohiyo. Katika mfumo huo wa Toyota, kompyuta hutuma ishara iitwayo IGT kwa ignaita, yaani swichi ya kielektroniki ya koili. Ignaita hukata umeme wa upande wa praimari (wa kuingilia) wa koili, kifaa kinachokuza umeme wa betri, cheche huruka upande wa sekondari (wa kutokea), kisha ignaita hurudisha ishara ya IGF kuijulisha kompyuta kwamba kazi imefanyika. Kompyuta ikikosa jibu hilo mara kadhaa mfululizo, hufunga nozeli kwa makusudi ili petroli isiyoungua isiende kuharibu katalisti, yaani kichujio cha moshi kwenye ekzosi. Kwa hiyo koili au ignaita ikifa peke yake, utakosa cheche na petroli kwa pamoja, huku kompyuta ikiwa nzima kabisa.

Upimaji ufanyike gari likiwa limezimika na bado lina moto, kwa sababu likipoa ushahidi hupotea. Fungua swichi bila kupiga starta, uangalie taa ya injini kwenye dashibodi; ikiwaka, ni dalili nzuri kwamba kompyuta inapata umeme. Ndani ya boneti kuna kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSTIC: unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha hesabu jinsi taa hiyo inavyomweka. Ikimweka mara moja, ikatulia kidogo, halafu ikamweka mara nne, hiyo ni namba 14, yaani jibu la IGF halikufika. Ukiiona, pima koili kwa multimita. Ikiwa baridi, praimari husoma takriban omu 1.1 hadi 1.75, na sekondari kiloomu 9 hadi 15.7. Gusanisha kwanza ncha mbili za mita na utoe kile kinachosomeka, kwani kwenye vipimo vidogo namna hiyo waya za mita zenyewe zinaweza kukudanganya.

Tafadhali usiache waya wa plagi ukining'inia huku starta inazunguka. Uchomeke kwenye plagi ya zamani iliyogusa chuma cha injini, la sivyo umeme utatafuta njia nyingine na unaweza kuua ignaita nzima.

Mwenye IST, Tegeta

Kwa wenye injini ya 1NZ-FE, yenye koili moja juu ya kila plagi, kipimo cha omu hakisaidii, kwa kuwa ignaita imo ndani ya koili. IST langu lilionyesha P0302, namba ya hitilafu inayosema silinda ya pili haiunguzi vizuri. Nilihamisha koili ya silinda ya pili kwenda ya tatu, namba ikageuka P0303, nikajua mgonjwa ni nani. Koili ilitoka imelowa oili iliyovuja kwenye mpira wa kava ya valvu, kwa hiyo nilibadilisha vyote viwili.

Fundi Kompyuta, Gerezani

Naunga mkono, ingawa kompyuta nazo hufa. Hupasuka kapasita, hasa kwenye Mitsubishi za miaka ya 1990, na maji yakiingia hadi kwenye zulia, njia za shaba hushika kutu ya kijani. Lakini kabla ya kuihukumu, pima umeme wa betri unaoingia, athi zake (waya za kurudisha umeme kwenye bodi), na volti 5 inazotoa kwa sensa. Volti 5 zikikosekana, chomoa sensa moja baada ya nyingine, kwa kuwa sensa iliyopiga shoti huzivuta zote chini na kuifanya kompyuta ionekane imekufa. Ukilazimika kununua, linganisha namba yote inayoanza na 89661, si umbo la boksi. Gari la gia za mkono na la otomatiki hayatumii kompyuta moja.

Mkazi wa Kimara

Nashukuru sana, wakuu. Jana lilizimika tena karibu na Ubungo, nikiwa na waya na mita ndani ya gari. Taa ya injini iliwaka, na nilipounganisha TE1 na E1 ikatoa namba 14. Nikafungua kifuniko cha distributa (kigawa cheche, ambamo koili imo) pale pale kando ya barabara: praimari ya koili haikusoma chochote, mita ilibaki kama haijaunganishwa. Nilisubiri dakika 20 bila kuondoa ncha za mita, na nikashuhudia kipimo kikirudi chenyewe hadi omu 1.4, ndipo gari likawaka. Leo nimefunga koili nyingine, nikatoa fyuzi ya EFI kwa muda ili kufuta namba, kisha nikakaa kwenye foleni ileile kwa zaidi ya saa moja huku kiyoyozi kikifanya kazi. Halikuzimika, na kontroli boksi ni ileile ya zamani.