Mawe ya Vita vya Mfalme Philip yanatudanganya mchana kweupe

Wanajamvi, salaam.

Hasira hii nimekaa nayo muda mrefu, na leo nimeamua kuifungulia uzi, kwa sababu wengi wetu tunaoishi huku kaskazini-mashariki mwa Marekani tunapita mbele ya mawe haya tukienda kazini bila hata kugeuza shingo. Nazungumzia kumbukumbu za vita vya 1675 na 1676 kati ya makoloni ya Waingereza na wenyeji wa New England. Wanaviita Vita vya Mfalme Philip, ingawa huyo waliyemwita Philip ni Metacom, mkuu wa Wawampanoag.

Nianze na jiwe lililopo Gill, Massachusetts, kando ya maporomoko ya mto Connecticut. Limechongwa maneno yasemayo kwamba Kapteni William Turner, akiwa na watu 145, aliwashtukiza na kuwaangamiza Wahindi (ndivyo Wazungu walivyowaita wenyeji wa Marekani) zaidi ya 300 waliopiga kambi mahali hapo tarehe 19 Mei 1676. Basi, hakuna zaidi. Jiwe halisemi kwamba pale palikuwa mahali pa kuvulia samaki, ambapo watu wa makabila mbalimbali walikuwa wakikutana tangu enzi na enzi, wala halisemi kwamba walioshambuliwa kabla ya kucha walikuwa wamelala, na kwamba wengi wao walikuwa wazee, wanawake na watoto, ambao baadhi yao walijitupa mtoni wakachukuliwa na maji. Muuaji ametajwa kwa jina na cheo, ilhali waliouawa wamehesabiwa kama mifugo.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba hata habari za huyo shujaa wao wamezikata katikati. Wapiganaji waliokuwa kambi za jirani waliposikia milio ya bunduki walikuja mbio, na Waingereza wakakimbia ovyo. Turner mwenyewe aliuawa njiani pamoja na watu wake karibu 40. Jiwe limenyamaza kimya. Ng'ambo ya mto kuna makazi yanayoitwa Turners Falls, kwa hiyo mtu huyu amepewa jiwe, na maporomoko pia.

Huko South Kingstown, Rhode Island, ndiko uongo umechongwa waziwazi. Tarehe 19 Desemba 1675, katika baridi kali, majeshi ya Massachusetts, Plymouth na Connecticut yaliivamia ngome ya Wanarragansett iliyokuwa ndani ya kinamasi, yakachoma nyumba watu wakiwa ndani, pamoja na akiba ya chakula cha majira yote ya baridi. Kosa kubwa la Wanarragansett lilikuwa kuwahifadhi wakimbizi wa Kiwampanoag. Mnara uliosimamishwa hapo mwaka 1906 unadai kwamba huo ndio ulikuwa upinzani wao wa mwisho, na kwamba walipondwapondwa. Upinzani wa mwisho upi? Mwezi Machi 1676 watu haohao walikiangamiza kikosi cha Kapteni Michael Pierce, na siku chache baadaye wakauchoma mji wa Providence. Wanarragansett wapo hadi leo, wanatambuliwa na serikali ya Marekani, na mwaka 2021 walirudishiwa kipande cha ardhi penye mnara huohuo unaotangaza kwamba waliisha.

Nimeshaambiwa, tena kwa ukali, kwamba nisichezee historia. Mnara huo uliwekwa miaka 231 baada ya moto kuzimika, na watu ambao hawakuuona moto wala kinamasi kikiwa na damu. Hayo ni maoni ya mwaka 1906 juu ya mwaka 1675, na maoni hujibiwa.

Sitaki pia mambo ya kuhamishahamisha. Sanamu ya John Mason, aliyeongoza uchomaji wa kijiji cha Wapequot huko Mystic, Connecticut, mwaka 1637, ilisimamishwa 1889 mahali palepale pa mauaji. Wapequot walipolalamika, miaka ya 1990, ilipelekwa mji wa Windsor. Huko ni kuutoa mwiba mguu wa kulia na kuuchoma wa kushoto.

Plymouth angalau walilazimika kufanya jambo. Kichwa cha Metacom kilitundikwa juu ya nguzo mjini humo kwa zaidi ya miaka 20 (sisi ambao fuvu la Mkwawa lilirudi Kalenga mwaka 1954 hatuhitaji kuelezwa uzito wake), na leo mjini hapo kipo kibao kinachoyasema hayo, kilichopatikana baada ya waandamanaji wenyeji kukamatwa mwaka 1997 na kesi kumalizwa kwa makubaliano mwaka uliofuata.

Ninachodai kwa Gill ni kidogo tu: libaki jiwe lao, na kando yake kiwekwe kibao cha ukubwa uleule, kiandike kwamba watu hawa walikuja kuvua samaki, walikuwa usingizini, na kwamba Kapteni Turner naye hakufika nyumbani.