MREJESHO: Simu kama skrini ya pili ya kompyuta bila waya, imekubali ila sio kwa kila kitu

Wakuu habari zenu, nimerudi. Niliuliza namna ya kuifanya simu yangu ya Android iwe skrini ya pili ya kompyuta ya Windows bila waya, na kila aliyejibu namshukuru sana.

Nilifuata ya yule mkuu aliyesema niweke spacedesk, programu ya kuifanya simu iwe skrini ya kompyuta, yaani draiva yake (sehemu inayowekwa upande wa Windows) kwenye kompyuta na programu yake kwenye simu, vyote viwe waifai moja. Simu ikaiona kompyuta, nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na P nikachagua Extend (yaani skrini ya kompyuta iendelee hadi kwenye simu), nikaburuta dirisha la chati likahamia kwenye simu, aisee nilifurahi mno!

Shida ikawa kuchelewa, mshale unasogea kwa kukwamakwama. Aliyeshauri nihame masafa ya waifai ya 2.4 GHz niende ya 5 GHz kanisaidia kweli, kwa maandishi sasa hivi ni safi kabisa, ila usikae mbali na ruta maana 5 GHz haipiti vizuri kwenye kuta. Kama huna ruta washa hotispoti ya simu kompyuta ijiunge humo, inapiga kazi hata bila bando.

Video ndo zimenishinda, bado zinakatakata hata nikipunguza ubora wa picha, hapo waliosema nitumie waya wa USB naona wako sahihi. Halafu simu inapata joto na chaji inakwisha haraka, iwe karibu na chaja.

Asanteni sana wakuu.