Kuchuma mboga pori na kuchimba chikanda Makete: je, ni jambo moja?

Mgeni wa Makete: Ndugu wanajukwaa, nimehamia wilayani Makete, na majirani wamenionyesha mboga zinazojiotea zenyewe, kama vile mnavu na mchunga, ambazo ningependa kuzichuma kwa ajili ya familia. Wapo pia wanaochimba viazi vya okidi (mimea ya maua ya porini), yaani chikanda, ambavyo huliwa, na kuwauzia wafanyabiashara wanaovipeleka Zambia. Je, nami naweza kuchimba?

Bibi Shamba: Nakusihi usichimbe. Ukichuma majani machanga ya mnavu, shina hubaki na kuchipua tena, na mmea wenyewe hustawi katika ardhi iliyolimwa. Okidi haina nafasi hiyo, kwa sababu kila mwaka hutengeneza kiazi kipya kando ya kile cha zamani, na wachimbaji hutafuta hicho kipya kilicho kigumu, ambacho ndicho kingeuotesha mmea msimu unaofuata. Mbegu nazo haziwezi kufidia upesi, kwani ni ndogo kama vumbi, hazina akiba ya chakula, na haziwezi kuota pasipo kuvu wanaofaa udongoni.

Mzawa wa Nyanda za Juu: Naunga mkono. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, ambayo wengi huiita Bustani ya Mungu, ilitangazwa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya kulinda maua haya, na kuchimba ndani yake ni kosa kisheria. Hata nje ya hifadhi, okidi zote zimo katika CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama pori, hivyo kuzivusha mpakani kunahitaji kibali. Najua kwamba wengi huchimba ili wapate ada za watoto, na siwalaumu kwa kuhitaji fedha. Lakini wanunuzi walianza kuja kwetu baada ya okidi za Zambia kupungua, na wakizimaliza za hapa watahamia kwingine na kutuachia nyanda tupu.

Mgeni wa Makete: Ahsanteni sana, chikanda nitaiacha. Je, kwenye mboga kuna tahadhari yoyote?

Bibi Shamba: Zipo. Usipike matunda mabichi ya mnavu, maana yana sumu, na jani usilolitambua uliza kwanza wazee wa hapo. Usichume kamwe ndani au pembezoni mwa mashamba ya viazi mviringo kabla hujamuuliza mwenye shamba alipulizia dawa lini.