Tupeane uzoefu: walikuuzia nini kwa jina la Mungu na la "sayansi"?

Mama Rehema, Malindi
Wapwani wenzangu, hamjambo. Dini ya mtu siigusi. Nasema vile vikundi vipya vinavyokodi ukumbi, vinafungua kwa dua, na kabla watu hawajatawanyika mnauziwa chupa, bangili, au mnapimwa "nishati". Kimoja kilipita mtaani kwetu. Bei hawaiiti bei, wanaiita sadaka, ila ina kiwango, na ukitoa pungufu chupa huioni. Wifi yangu aliambiwa mwili wake una "mitetemo ya chini". Akauliza inapimwa na nini. Akajibiwa: kwanza amini. Aliyekutana nao aseme walimuuzia nini, na alipokosa kupona walimwambiaje.

Fundi wa Redio, Malindi
Mama Rehema, mimi hiyo ya kupima nishati nimeifungua kwa bisibisi. Unashika kijiti cha chuma, waya unaingia kwenye kompyuta, dakika chache ripoti inatoka: ini, figo, mifupa, mpaka "hali ya roho". Mwenyewe aliniletea waya umekatika. Nikauunga, nikajipima. Kisha nikabadilisha umri kwenye fomu, figo zangu zikapona papo hapo. Nikakishikisha kitambaa kibichi, nacho kikaambiwa kina upungufu wa kalsiamu.

Wala si jambo jipya. Kanisa la Scientology, lililoanzishwa Marekani na L. Ron Hubbard, lina kifaa kiitwacho E-meter. Unashika makopo mawili, umeme mdogo unapita mwilini, sindano inacheza. Kinachopimwa ni ukinzani wa umeme tu. Kiganja kikitoa jasho sindano inasogea, ukiyabana makopo inasogea. Mwaka 1963 maafisa wa serikali walivamia jengo lao Washington wakabeba vifaa hivyo, na mwaka 1971 jaji akaamuru vitumike kwa ibada peke yake, tena viwe na maandishi kwamba havina faida ya kutambua wala kutibu ugonjwa. Lebo ikabandikwa, vifaa vikaendelea kutumika.

Dada wa Famasi, Langoni, Lamu
Huku Amu nako chupa zimefika, yakhe. Mteja alinijia na kichupa hakina jina la kiwanda wala tarehe, cha "kusafisha damu". Maelekezo: tia matone, kamulia ndimu, subiri, kunywa. Nikanusa, harufu ya jiki.

Hii kanuni naijua. Kuna Mmarekani, Jim Humble, aliyeanzisha "kanisa" la Genesis II. Sakramenti yao ilikuwa sodiamu kloriti. Ukiichanganya na asidi, hata ya ndimu, inatoa klorini dioksidi, kitu cha kupaushia karatasi na kuulia vijidudu. Wakasema inatibu malaria, saratani, UKIMWI, na Korona ilipokuja ikaongezwa kwenye orodha. Kule Florida, Mark Grenon na wanawe watatu walikuwa wakiituma kwa watu, malipo yakiitwa mchango. Waendesha mashtaka walisema Grenon mwenyewe alikiri kwamba kanisa hilo halikuhusu dini, liliundwa ili matone yahalalishwe. Mwaka 2023 walipatikana na hatia, wakafungwa.

Linaloniudhi zaidi ni hili: mtu akitapika au akiharisha, anaambiwa sumu zinatoka. Yaani kule kudhurika ndiko kunakofanywa ushahidi wa kupona. Mteja wangu alikuwa ameharisha tangu usiku na bado anawashukuru.

Kaka wa Mpeketoni
Tusiwatie wote kapu moja. Baba mdogo alikwenda Samunge, Loliondo, mwaka 2011, kwa Babu Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kilutheri. Kikombe kilikuwa shilingi 500 za Tanzania, na Babu alisema ameonyeshwa dawa na Mungu, basi. Hakutaja mionzi wala kwantamu, yale maneno ya kisayansi. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita na kilomita, na nadhani waliotengeneza pesa ni wenye magari. Baba mdogo ana sukari. Alikunywa kikombe, akarudi, akaendelea na insulini yake, akisema viwili hivyo havigombani.

Hawa wapya ndio waliomtaka achague. Eti sindano "inavuruga masafa". Alipougua wakamwambia alitia shaka moyoni.

Mtu wa Faza
Lakini hospitali nazo zinauza, msijifanye. Ukifika huna pesa unaambiwa keti hapo.

Dada wa Famasi, Langoni, Lamu
Kweli, ndugu yangu, wala sikubishii. Ila dawa yangu isipofanya kazi, unarudi na pakiti ina namba, unaweza kunishtaki. Wale ukirudi unaulizwa kuhusu imani yako.

Binti Mkomani
Bibi yangu anaandikiwa kombe, zile aya za Kurani zinazoandikwa sahanini kisha zikaoshwa na maji ya kunywa, na mwalimu tangu sijazaliwa. Mwalimu hupewa alichojaaliwa mtu, na homa ikizidi yeye mwenyewe ndiye anayesema mpelekeni hospitali. Sijamsikia hata siku moja akisema kombe limethibitishwa na wanasayansi.

Mama Rehema, Malindi
Umesema, mwanangu. Na sisi wa Malindi tangu Aprili 2023, msitu wa Shakahola ulipoanza kufukuliwa, miili ya waumini wa lile kanisa la kufunga hadi kufa ikapita 400, mtu akitaja kuacha hospitali kwa ajili ya Mungu hatumchekelei tena. Kesi iko mahakamani, siisemi.

Mgeni hapa, Shela
Jamani, nisaidieni. Mama ameacha vidonge vya presha, yuko kwenye matone. Nikisema neno, analia kwamba napigana na Mungu wake. Nifanyeje?

Fundi wa Redio, Malindi
Usijadili Mungu. Tafuta mashine ya presha, pimeni pamoja asubuhi na jioni, yeye mwenyewe aandike namba.

Dada wa Famasi, Langoni, Lamu
Wa Shela, usingoje mashine. Panda boti uje naye kesho asubuhi, nampima bila malipo, na namba ikiwa mbaya namsindikiza mwenyewe hospitali ya King Fahd. Vidonge vyake vya zamani uje navyo. Na hiyo chupa pia, usimwambie nitaifanya nini.