Kiti cha kukanda mgongo kwa ajili ya mama: nizingatie nini?

Swali (Moshi): Ndugu zangu, mama yangu, aliyelima kahawa Kibosho tangu ujana wake, siku hizi haamki bila kushika ukingo wa kitanda, nami nataka kumnunulia kiti cha umeme cha kukanda mwili. Nizingatie nini kabla ya kulipa?

Jibu (Arusha): Dada, pole kwa kuuguza. Mpeleke kwanza kwa daktari, kwa sababu mwenye mifupa dhaifu, damu iliyoganda mishipani au kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo anaweza kudhurika. Akiruhusiwa, akakikalie mwenyewe dukani walau dakika 15. Magurudumu ya ndani yafike shingoni bila kumgonga kichwa, jambo linalowasumbua sana watu wafupi.

Jibu (Moshi): Soma pia kibandiko cha nyuma. Viti vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia volti 120, ilhali umeme wetu ni volti 230. Changu kiliungua siku ile ile niliyokichomeka, na muuzaji akakataa kukipokea. Tena pima upana wa mlango, uone kama kiti kitapita.

Mwuliza swali: Ahsanteni sana. Nimeupima: sentimita 74.