Kimbunga Katrina kina la kutufunza sisi wa Mombasa?

Katibu wa Kisauni: Assalamu alaikum. Kamati ya mtaa wetu inaandaa mpango wa maafa, na kazi ya kuandika rasimu imeniangukia mimi. Nimesoma habari za Kimbunga Katrina, kilichoipiga pwani ya Louisiana, Marekani, tarehe 29 Agosti 2005, nikashangaa kwamba nchi yenye mali kiasi kile iliwaacha raia wake juu ya mapaa ya nyumba kwa siku kadhaa. Wenzangu wananiambia nisijisumbue, kwa kuwa Mombasa iko karibu mno na ikweta na vimbunga havifiki huku. Je, kuna la kujifunza, au nirudi kwenye mitaro ya maji ya mvua?

Nahodha Mstaafu: Wa alaikum salaam, ndugu katibu. Wenzako hawajakosea sana, kwa sababu kimbunga hujizungusha kwa msaada wa mzunguko wa dunia, na msaada huo ni hafifu karibu na ikweta. Hata hivyo, Unguja iko nyuzi sita tu kusini, na mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliing'oa mikarafuu yake huku ya Pemba ikisalimika kwa kiasi kikubwa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Sisi tuko nyuzi nne. Mitaro uiandike, lakini usiifunge rasimu hapo.

Mama wa Likoni: Katibu, tazama ni nani aliyebaki. Amri ya kuhama New Orleans, mji mkubwa wa Louisiana, ilitolewa tarehe 28, siku moja tu kabla ya kimbunga. Wenye magari walikuwa wakitoka, na wasio na magari, wazee na wagonjwa wakabaki, ndiyo maana wengi waliofariki Louisiana walikuwa watu wa umri mkubwa. Kisha kuta za mifereji zikabomoka, baadhi yake kabla maji hayajafika ukingoni, na takriban asilimia 80 ya mji ikafunikwa. Tangazo liliwafikia, chombo cha kuwatoa hakikuwafikia. Mimi ninayesubiri feri siku ambayo hakuna hata wingu najua maana yake. Mama yangu hawezi kushuka ngazi bila kushikwa mikono miwili, na tuktuk haiingii kichochoroni kwetu, kwa hiyo lazima pawe na kijana anayejua kwamba ni yeye atakayembeba mpaka barabarani.

Na mifugo usiisahau. Kule watu walikataa kupanda maboti kwa sababu mbwa wao walikataliwa, hata mwaka 2006 ikapitishwa sheria ya kuwaingiza wanyama kwenye mipango ya uokoaji. Huku kwetu ni mbuzi, na jirani yangu hamwachi beberu wake kwa amri ya mtu yeyote.

Mpishi wa Matanga: Naongeza upande wa misaada. Baada ya Katrina, maloli ya barafu yalizungushwa nchini, mengine yakaishia Maine, jimbo la kaskazini, mbali kabisa na wenye kiu. Msidhani ni ya Wamarekani peke yao. Mafuriko yalipoingia kwetu mwaka mmoja, tuliletewa marobota ya mitumba. Nililifungua moja kwa mkono wangu nikakuta makoti ya sufu na viatu vya visigino, ilhali maharage tuliyopewa yalikaa siku mbili kwa kukosa sufuria na kuni kavu. Kabla ya kupokea chochote, ulizeni wanaopika.

Nahodha Mstaafu: Hapo kwenye sufuria nakuunga mkono, ingawa mimi ningeanza na maji ya kunywa, maana kisima kikiingiwa na maji ya choo hata maharage hayapikiki.

Katibu wa Kisauni: Nawashukuru nyote. Nimekwisha kufuta ukurasa wa kwanza, uliokuwa na majina ya wanakamati na vyeo vyao, na mahali pake nitaweka daftari la nyumba kwa nyumba: nani hawezi kutembea, nani atambeba, na kwa chombo gani. Mama wa Likoni, nikikutumia nakala, utaipitia? Na nyote mnaoijua Kisauni, niambieni ni madrasa gani yenye ghorofa ambayo ufunguo wake haukai kwa mtu mmoja.