Wakuu naomba ushauri: kiatu cha kupandia maporomoko, Hardanger (Norwei)

Msambaa_Kaskazini
Habari za mchana wakuu. Niko Norwei. Mwisho wa Mei nakwenda Kinsarvik, kwenye fyodi ya Hardanger (mkono wa bahari ulioingia kati ya milima), kupanda bonde la Husedalen. Mto ni mmoja tu, Kinso, lakini una maporomoko manne. La chini, Tveitafossen, mita 103. La juu kabisa, Søtefossen, mita 246. Kipindi hicho theluji ya mlimani inayeyuka na mto unafura, ndiyo raha yenyewe.
Swali langu dogo tu: kiatu gani cha kike, namba 38, kinashika vizuri kwenye jiwe lililolowa? Bajeti si shida. Hata usingizi sipati, naomba wenye uzoefu tu.

Kobe_Mzee
Unakosa usingizi kwa ajili ya kiatu?

Dada wa Stavanger
Tafuta soli ya mpira laini yenye meno marefu, na kiwe kinafunika kifundo. Chukua 39, uache nafasi ya soksi ya sufu, maana wakati wa kushuka vidole vinasukumwa mbele na kucha zinakuwa nyeusi. Ila jiwe lenye utelezi wa kijani halina kiatu. Mpaka Tveitafossen ni barabara ya changarawe, hata kwa raba unafika. Kuanzia pale kwenda Nyastølfossen, poromoko la pili, ndipo pana kazi: mizizi, mawe, mahali pengine unapanda kwa mikono. Mwenye kiatu ni nani? Amewahi kupanda?

Mla_Ndizi
Sisi Materuni tunapanda na malapa. Siku moja nimeona mgeni na buti lake la mamilioni kakaa chini anaogopa tope, bibi mmoja akampita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, akamwambia "pole baba". Viatu ni biashara za watu.

Msambaa_Kaskazini
Asante dada. Kupanda amezoea, ni mtu wa Lushoto.

Dada wa Stavanger
Umri?

Msambaa_Kaskazini
Ni mama yangu. Ana miaka 64, anakuja kunitembelea. Kabla hamjaanza: huyu mama anapanda na kushuka Usambara na tenga la plamu kichwani tangu sijazaliwa. Nyumba ya kufikia nimeshalipia, tiketi ziko tayari. Goti moja lilifanyiwa upasuaji mwaka jana, ila limepona, na daktari mwenyewe alimwambia atembee.

Kobe_Mzee
Ahaa. Kumbe kiatu kina goti ndani yake.

Dada wa Stavanger
Mdogo wangu, kutembea na kushuka mlima ni vitu viwili. Goti haliumii wakati wa kupanda, linaumia wakati wa kurudi. Søtefossen kwenda na kurudi hesabu saa sita kwa mtu mwenye magoti yote mawili mazima, tena bila mvua, na kule mvua haiombi ruhusa. Mwezi wa tano huko juu unaweza kukuta theluji njiani, inafunika zile T nyekundu zilizopakwa kwenye mawe, na hapo hujui njia imepita wapi. Wenyeji wana kanuni zao za mlimani, mojawapo inasema geuka mapema, kurudi si aibu. Akiishiwa nguvu pale Nykkjesøyfossen, poromoko la tatu, utambeba?

Mwalimu Mstaafu
Vijana wa siku hizi mnachezea radhi za wazazi. Mimi mwaka fulani nilimpeleka marehemu baba Dar kuona bahari, nikamtembeza kutwa nzima kwenye jua ili wenzangu wamwone. Usiku aliniambia neno moja tu, "Nirudishe." Sijui kama umenielewa.

Kobe_Mzee
Mtoa mada, nina swali moja. Mama mwenyewe kasema anataka maporomoko?

Msambaa_Kaskazini
Mama anapenda miti. Hardanger mwezi wa tano mitufaha inachanua, ukingo mzima wa fyodi unakuwa mweupe, na juu yake milima ina theluji. Nilimtumia picha, na yeye ana mipea na miplamu yake nyumbani, akasema anataka kuiona hiyo. Sasa jamani, mtu atoke Lushoto mpaka huku aishie kutazama miti ya matunda? Si ndiyo hiyo hiyo kaiacha kwake? Na saa siyo tatizo, hata tukitembea pole pole mpaka usiku jua halizami.

Chai_Bila_Sukari
Nilikuwa msomaji tu lakini hapa nimeingia. Jua halizami HARDANGER? Hiyo ni kusini, kule Bergen. Jua la usiku wa manane ni la walio juu ya mstari wa Aktiki. Mwisho wa Mei Hardanger jua linazama kabla ya saa tano usiku, na ukiwa ndani ya bonde milima inalificha mapema zaidi. Mtu anayeishi Norwei hawezi kukosea hapo. Hii chai, tena ya rangi. Weka picha ya tiketi.

Mla_Ndizi
Mimi nilishtuka pale "bajeti si shida". Msambaa gani huyo?

Mpiga_Zumari
Nimekaa paleee na kahawa yangu.

Msambaa_Kaskazini
Naishi Tromsø nyie watu! Huku kaskazini kuanzia kama tarehe 20 Mei jua halizami mpaka Julai, ndiyo mazoea yangu. Hardanger sijawahi kufika, nimesoma tu. Nitunge goti la mama yangu nipate nini?

Chai_Bila_Sukari
Humu watu wametunga misiba, mkuu. Ila Tromsø nimekubali nusu.

Dada wa Stavanger
Kama ni chai na tuinywe. Mtu mwingine atasoma kesho. Ukitoka Bergen njia inapita Norheimsund, pale kuna Steinsdalsfossen. Kinjia kimetengenezwa, kinapita NYUMA ya maji, mama anasimama ndani ya ngurumo na kilemba kikavu. Akitaka kubwa zaidi, Vøringsfossen, mita 182, gari linafika Fossli kwa juu, kuna vyuma vya kushikilia. Daraja la ngazi 99 lililofunguliwa 2020 mwachie, hata akitaka. Na miti yake ya matufaha ataiona akiwa amekaa kwenye gari.

Mwalimu Mstaafu
Steinsdalsfossen hiyo Kaizari Wilhelm II alikuwa akiitembelea karibu kila kiangazi mpaka vita vya 1914. Na Lushoto Wajerumani waliiita Wilhelmstal kwa jina lake. Mama atakuwa anamfuata mtu wa kwao.

Mla_Ndizi
Kaizari naye alikuwa na goti bovu?

Msambaa_Kaskazini
Viatu nimeshaagiza, 39. Mpango sasa: sote mpaka Tveitafossen, mama akichoka anabaki pale na mke wangu, mimi napanda mpaka Søtefossen narudi.

Kobe_Mzee
Kuna mke tena?

Chai_Bila_Sukari
Picha.

Msambaa_Kaskazini
Mke wangu ni wa huko huko Hardanger, na hiyo Steinsdalsfossen ndiyo anayoisema tangu Januari. Sikuja humu kusomewa maneno yake.

Dada wa Stavanger
Basi nunua na fimbo mbili za kutembelea. Na 113, namba ya ambulensi, mke aiweke kwenye simu yake, kwa ajili yako wewe.

Mla_Ndizi
Mkuu, mama anauza miche ya plamu? Niko Marangu, nataka kama ishirini hivi.